Joka Chini ya Chai

Kaluki alikuwa ameapa kwamba vikombe vyake havitapanda pikipiki, kwa hiyo waliposhuka Ruiru kando ya barabara kuu waliendelea kwa miguu. Yeye alikuwa mbele, kiondo mgongoni na mkanda wake umekaza kwenye paji la uso. Nyuma yake alifuata dada yake Syombua akilalamikia viatu, na nyuma kabisa binti yake Mutheu, ambaye ndiye aliyepaswa kujua njia na hakuijua. Macharia, mchumba wake, alimwelekeza kwa simu: vuka reli, fuata ukuta wa shule, ukiona duka la matangi ya maji kata kushoto. Reli waliivuka. Shule walikuta mbili, na kila baada ya hatua chache kulikuwa na duka lingine la matangi, meusi, yamepangwa kando ya njia kama ng'ombe wanaosubiri kuogeshwa.

"Kwani hawa watu wanakunywa maji mengi hivyo?" Syombua akauliza.

"Mifereji haitoi kitu, auntie. Ndiyo maana wananunua matangi."

"Basi tumekuja kwa watu wa ukame kama sisi. Tutaelewana."

Kaluki alicheka bila kugeuka, kwa uangalifu, ili mzigo usitikisike.

Zamani sehemu hiyo yote ilikuwa mashamba ya kahawa. Sasa kahawa ilibaki mistari michache nyuma ya kuta za watu, na kwingine kote yalisimama maghorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa hadi juu, vumbi jekundu limeparamia kuta kufikia madirisha ya kwanza. Mutheu alikuwa hajawahi kufika huko. Yeye na Macharia walijuana Thika, kwenye duka la dawa alikofanya kazi Mutheu, siku kijana huyo alipokuja kufunga sola juu ya paa na kushuka akiwa amejikata kidole. Kidole kilipona, lakini aliendelea kuja kufungwa bandeji. Ukoo wake ulishafika Kiganjo, kwa kina Mutheu, kujitambulisha, na leo ilikuwa zamu ya upande wa msichana kuja kuona itara.

Itara ilikuwa ni dari ya kukaushia kuni juu ya jiko la mama wa Kikuyu, na wazazi wa msichana walikwenda kuitazama ili wajue kama mtoto wao atakuta kuni au atakuta baridi. Siku hizi watu wanapikia gesi. Wanaotembelea huonyeshwa sofa, friji na choo cha ndani, lakini jina limebaki lilelile, na uzito wake pia. Siku ikienda vizuri, tarehe ya ruracio, siku ya mahari, inatajwa kabla wageni hawajaondoka. Mutheu aliitaka tarehe hiyo kama mgonjwa anavyotaka majibu ya daktari. Kuipanga kulikuwa kumeshaahirishwa mara mbili, na Macharia alikuwa ameanza kuizungumzia kwa sauti ya mtu anayetuliza wengine.

Jambo moja tu lilikuwa linamtia hofu, nalo lilikuwa mgongoni mwa mama yake.

"Mama, usiwapelekee majoka," alimwambia wiki ile, wakiwa wamekaa kwenye uwanja wa ploti yao Kiganjo, karibu na tanuru. "Baba Macharia ni mzee wa kanisa. Chora maua. Chora chochote."

Kaluki alikuwa anakoroga rangi kwa kijiti.

"Nimekusikia," alisema.

Na Mutheu alilichukua hilo kuwa jibu.

Kaluki alizaliwa mashariki ya Thika, upande wa Yatta, ambako mvua ni mgeni asiyetoa taarifa na asiyekaa. Mama yake alifinyanga vyungu. Kaluki alijifunza akiwa bado hajafikia kubeba mtungi: mwanamke anaketi chini, udongo kati ya magoti, na mwanamume yeyote anayekatiza hapo anaambiwa azunguke mbali, maana akivitazama vyungu kabla ya moto vitapasuka. Aliolewa na Kyengo, dereva wa trekta, wakapanga chumba Kiganjo. Mutheu alikuwa darasa la tatu baba yake alipokufa kwa homa ambayo kwa siku kadhaa kila mtu aliiona ya kawaida.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo barabara kuu ya Thika ilikuwa ikipanuliwa, na Wachina walikuwa kila mahali na kofia zao za plastiki. Mmoja wao, mtu mzima aliyeitwa Bwana Lin, hakuja kwa ajili ya barabara. Alifungua mkahawa mdogo Ruiru wa kuwalisha waliokuja kwa ajili ya barabara, na nyuma ya mkahawa akajenga tanuru la kuchomea vikombe, kwa sababu alisema chai yake ina ladha mbaya ikinywewa kwenye bati. Kaluki aliajiriwa kuosha sufuria. Siku ya kwanza alipoona tanuru limepakiwa na Bwana Lin amesimama mbele yake, alimwambia kwa heshima asogee mbali, yeye ni mwanamume. Bwana Lin alimkumbusha kwamba tanuru ni lake. Vikombe vya siku hiyo vilitoka na nyufa. Kila mmoja alijua sababu, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Baada ya hapo Bwana Lin alianza kumwita akaone kazi. Mkono wa Kaluki ulikuwa hautetemeki, na Bwana Lin alikuwa na macho yaliyoanza kufifia. Alimfundisha joka kwa Kiswahili chake cha jikoni. Mwili wa nyoka, pembe za kulungu, magamba ya samaki, kucha za tai. Kucha ni nne. Tano zilikuwa za mfalme, na zamani huko kwao mchoraji aliyesahau hilo alikuwa anacheza na shingo yake. Mbele ya mdomo weka lulu, joka linaikimbiza na halitaipata. Usilichore lote: sehemu moja ya mwili lazima ipotee mawinguni. Jicho liwe la mwisho kabisa, kwa sababu kabla ya jicho ni rangi tu, na baada ya jicho linakutazama.

"Kwa nini lipotee mawinguni?" Kaluki aliuliza.

"Kazi yake. Kutoa mvua."

Hapo ndipo Kaluki alipoacha kusugua sufuria.

"Linakaa wapi?"

"Mtoni. Chini, maji mengi. Wakati wa mvua linapanda juu."

"Kwetu halijapanda," Kaluki alisema. "Labda halitujui."

Joka limesafiri zaidi kuliko wachoraji wake. Kwenye miji ya kale ya pwani, waliojenga makaburi walipachika bakuli za Kichina kwenye kuta, zikawa kama macho ya buluu yanayotazama bahari iliyozileta. Huko Ulaya, kila mji wenye kanisa la mawe una sanamu ya mtakatifu anayelichoma mkuki. Kwa Wachina liko kwenye birika la arusi, na hakuna bibi anayeliogopa. Lilipofika Thika ndani ya sanduku la Bwana Lin, lilikuta mengine mawili yameshatangulia: lile la mahubiri, adui wa tangu mwanzo, na lile la maporomoko ya Chania, ambalo wazee wa Kikuyu waliliita mukunga-mbura, lenye rangi za upinde wa mvua, linalotoka majini kumeza ng'ombe wa watu. Kaluki hakubishana na lolote kati ya hayo. Alichagua lile la mvua.

Mutheu alikuwa ameacha kula. Baada ya mazishi ya Kyengo alikaa mbele ya uji hadi ukaganda, asubuhi na jioni, na mifupa ya mabega ikaanza kuonekana kupitia sare ya shule. Kaluki alimbembeleza, akamtisha, akampeleka zahanati. Mwishowe aliomba udongo kwa Bwana Lin, akatengeneza kikombe kimoja. Nje alikiacha cheupe kitupu. Ndani, chini kabisa, akachora joka dogo lililojikunja, kichwa juu ya mkia, na jicho moja wazi.

Akakijaza uji, akamwekea mtoto.

"Kuna mnyama huko chini," alisema. "Amekufuata wewe. Lakini hatoki kama hujamaliza."

Mutheu alikunywa nusu siku hiyo. Kesho yake alikunywa hadi akaona pembe. Siku iliyofuata alikilamba kikombe kwa ulimi hadi Syombua, aliyekuwa amekuja kuwasalimia, akasema mtoto huyu atameza na udongo. Kwa muda mrefu baadaye neno lao lilikuwa hilo moja tu. Kaluki alikuwa anaweka kikombe mezani na kusema, "Maliza uone mnyama wako," na mtoto anamaliza.

Mwaka wa barakoa Bwana Lin alikwenda kwao kumzika dada yake na hakurudi. Tanuru lake Kaluki alilibomoa matofali, akalijenga upya Kiganjo. Alijaribu kuuza vikombe vya joka kwa watalii kwenye hoteli ya zamani karibu na maporomoko, na wachache walinunua. Majirani hawakununua kabisa. Walimpenda, walimkopesha makaa, walikuja kumwombea alipougua, na wakamwambia usoni: "Mama Mutheu, kwangu hicho hakiingii." Akachora waridi. Akachora maneno ya Maandiko kwa herufi za kulala. Waridi zililipa kodi na zikamsomesha Mutheu, na joka likabaki la kuchora siku za mapumziko, kama mtu anavyoimba peke yake akiwa anafua.

Nyumba ya kina Macharia ilikuwa ya mawe, na geti la buluu, na mistari miwili ya kahawa ambayo mzee alikataa kuing'oa. Macharia alifungua geti mwenyewe. Alivaa shati lililopigwa pasi mno.

"Mmepotea?"

"Tumetembelea matangi," Syombua alisema. "Ni mazuri."

Mama wa Macharia, Rachael, alitoka na aproni, akamkumbatia Kaluki na kiondo chake vyote pamoja. Baba yake, Gerishon, alisimama barazani akiwa na koti, akawapa mkono mmoja mmoja, akasema karibuni, karibuni sana. Sebuleni walimkuta nyanya yake Macharia, Cucu Warigia, amefunikwa blanketi hadi kwapani, macho yake yana ukungu wa buluu. Aliushika mkono wa Mutheu akauminya kama anayechagua parachichi.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, Cucu," Macharia alisema.

"Mkono umekonda. Lakini una joto."

Wakaonyeshwa nyumba. Syombua alisifia friji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kaluki aliomba kuona mahali pa kuchotea maji, akaonyeshwa tangi, akaligonga kwa kidole, likalia tupu kuanzia katikati kwenda juu.

"Mvua imetukataa mwaka huu," Rachael alisema.

"Hata kwetu."

Waliporudi sebuleni Kaluki aliteremsha kiondo, akafungua magazeti moja baada ya jingine, akapanga vikombe mezani. Mutheu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Vilikuwa vyeupe, vyepesi, na kwa nje mawingu ya buluu yalizunguka ukingo, na chini yake mawimbi. Basi. Hakuna mkia, hakuna ukucha. Alitoa pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu reli.

"Haiya," Rachael alisema, akakiinua kimoja. "Mama Mutheu, umevitengeneza kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Ni vya nyumba hii."

"Basi sivirudishi kabatini. Tutavinywea leo leo. Mutheu, mimina, mama."

Rachael mwenyewe alichukua birika la pili akaanza kumimina kutoka upande mwingine. Chai ilikuwa nzito, ya maziwa mengi na tangawizi, na iliingia kwenye vikombe kabla ya yeyote kutazama ndani. Mutheu alimiminia mama yake, na Kaluki akamtazama, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. Mutheu alidhani ni furaha ya siku.

Gerishon aliomba. Alishukuru kwa ajili ya wageni, akaombea watoto wawili hawa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mifugo na kahawa aliombea mvua pia, kwa muda mrefu. Kaluki aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakanywa. Gerishon aliuliza kuhusu Yatta, Syombua akamsimulia juu ya shemeji yao aliyechimba kisima akapata kisima cha jirani. Wakacheka. Mutheu alikuwa anazunguka na sahani ya mandazi, na kikombe chake mwenyewe kilikuwa mezani, kimejaa, kimeanza kufunga utando wa maziwa. Gerishon alifuta mdomo kwa kitambaa.

"Sasa hawa vijana wanataka tarehe," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiria Desemba, watu wakiwa wamefunga kazi."

Macharia alimtazama Mutheu kutoka upande wa pili wa chumba, naye akaangalia mandazi ili asicheke.

"Kuna kitu humu ndani," Cucu alisema.

"Ni majani ya chai, mama," Rachael alimjibu.

"Majani hayana macho."

Alikuwa amekiinamisha kikombe karibu na pua, akikizungusha dirishani kutafuta mwanga. Rachael alitazama ndani ya chake. Kilikuwa kimebaki funda moja. Alilinywa, labda bila kufikiri, kisha akakisogeza kikombe kwa mumewe. Gerishon alichukua kile cha mkewe, akavaa miwani.

Mutheu hakuhitaji kuangalia. Alijua lilivyolala, kichwa juu ya mkia. Alijua ni jicho la upande gani.

"Mama Mutheu," Gerishon alisema polepole. "Hiki ni nini?"

"Ni joka, Baba Macharia."

"Joka."

"La mvua. Aliyenifundisha kazi alinifundisha hivyo. Anayekunywa hadi mwisho anakutana nalo, anajua mwenyeji hakubakisha kitu." Alikuwa anaongea kwa utulivu, mikono juu ya magoti. "Sikutaka kumleta mtoto wangu kwa watu na kikombe kitupu."

"Na ukaliweka chini ya chai."

"Hapo ndipo mahali pake."

"Hapana. Liliwekwa chini ya chai kwa sababu ulijua tukiliona juu hatutakunywa." Hakupandisha sauti. "Nimeombea chai hii, mama. Nimewafumbisha watu wangu macho nikaibariki, na kumbe chini yake kuna hicho. Mimi nasimama mbele ya watu kila Jumapili. Nitasema nini?"

Kaluki aligeuza macho kwenye kikombe kilichokuwa mkononi mwa mzee. Hilo, ilionekana, hakulifikiria. Alikuwa amefikiria mtoto, na kikombe, na mvua, hakufikiria maombi.

"Huyu namjua," Cucu alisema, bado amekiinamia kikombe. "Ni yule wa Chania. Alikuwa anakula ng'ombe. Alikula wa kina Muigai, hakubakisha hata kengele."

"Mama, tafadhali," Gerishon alisema.

"Nimekuambia tu ninachojua."

Syombua alianza kucheka, akaona uso wa dada yake, akaacha. Macharia alisema, "Baba, ni picha tu," na Gerishon akamwambia akae.

"Sisi hatumkatai msichana," alisema. "Hilo lisikike. Lakini mimi nataka kujua anayeingia hapa anaingia na nini." Akamgeukia Mutheu. Nyumbani mwao, kama katika nyumba zote za ukoo wao, siku ya ruracio baba humwuliza binti yake mbele ya watu kama kinywaji kinyweke, na jibu lake ndilo linalofungua au kufunga kila kitu. Alimwuliza sasa kwa sauti hiyohiyo ya siku hiyo, labda kwa mazoea. "Wewe ulijua kuna kitu hiki humu?"

"Sikujua, baba." Ilikuwa kweli.

"Ni kitu chenu? Cha nyumbani kwenu? Umelelewa nacho?"

Sahani ya mandazi ilikuwa bado mkononi mwake. Aliona Macharia anamtazama kwa macho yanayosema jibu vizuri, jibu tu vizuri tumalize. Aliona tarehe ya Desemba, karibu, kama kitu kilichoshikwa ukingoni. Mama yake hakuwa anamtazama. Kaluki alikuwa anatazama kikombe cha Mutheu pale mezani, chenye utando, ambacho hakikuwa kimeguswa.

"Hapana," Mutheu alisema. "Ni mambo ya kazi yake ya Ruiru. Mimi sijawahi kukitumia."

Syombua alivuta pumzi kwa nguvu. Wenyeji hawakusikia chochote kigeni katika jibu hilo.

"Vizuri," Gerishon alisema, na ilionekana amefarijika kwelikweli. Hakuwa mtu wa kupenda kuumiza. "Basi hiyo chai yako, mama, utainywa au tuimwage?"

Mutheu aliweka sahani chini. Alichukua kikombe, na kwa muda kidogo joto lililobaki lilipita kwenye viganja vyake, na uzito wake ulikuwa uleule, mkono wake uliukumbuka kabla yeye hajaukataza. Akatoka nacho barazani. Akakiinamisha juu ya shina la kahawa. Utando ulishuka kwanza, ukakwama kwenye ukingo, kisha chai yote ikaufuata. Hakutazama ndani.

Kaluki aliviosha vikombe mwenyewe. Rachael alimwambia aache, wasichana wataosha, naye akajibu kwamba vyombo vyake huviosha mwenyewe, huwezi kuwaachia watu uchafu. Akatumia maji kidogo sana, kwa sababu aliligonga lile tangi na alijua. Rachael alisimama karibu naye akifuta.

"Mzee wangu si mtu mbaya," alisema.

"Najua. Amenipa kiti kizuri." Kaluki alikung'uta kikombe. "Amesema kweli pia. Nilikosea juu ya maombi."

"Ni kazi nzuri, lakini. Ningekipenda."

"Ndiyo."

Macharia alikusanya magazeti na kujaribu kuvifunga vikombe ili virudi Kiganjo, akavifunga vibaya, na Kaluki hakumrekebisha. Kimoja kilikosekana. Cucu Warigia alikuwa amekikumbatia chini ya blanketi.

"Mama, lete hicho," Gerishon alimwambia.

"Sijamaliza."

"Kimeisha, mama. Hakina kitu."

"Nimesema sijamaliza. Ni chepesi. Vile vyenu vinanichosha mkono."

Gerishon alimtazama Kaluki kama anayeomba radhi na msaada kwa pamoja, na Kaluki akatikisa kichwa: kiache.

Gerishon alikuwa bado anataka siku imalizike kwa heshima. Alisema kwamba wao wamesamehe, na kwamba ikiwa Mutheu anaweza kubaki kidogo, waongee na Macharia juu ya Desemba, kijana atamrudisha Thika baadaye. Wote wakamgeukia Mutheu. Kaluki alikuwa ameshaweka mkanda wa kiondo kwenye paji la uso.

Lilikuwa jambo dogo kusema: nitarudi na mama, tutaongea siku nyingine. Mutheu alilisikia kichwani, maneno yote yamepangwa.

"Nitabaki kidogo," alisema.

Aliwasindikiza hadi getini. Jua lilikuwa kali, na njia ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Syombua alisubiri mpaka geti lifungwe nyuma yao.

"Mimi nilikuwepo, Mutheu," alisema. "Nilikuona kwa macho yangu ukikilamba."

"Syombua, nyamaza," Kaluki alisema. "Mtoto ameulizwa, amejibu."

"Amejibu nini?"

"Nimesema nyamaza."

Syombua alitangulia, viatu mkononi. Mutheu alitaka kusema kitu kuhusu kikombe kile cha kwanza. Kilikuwa wapi siku hizi? Kilivunjika? Alitambua kwamba hakujua, hajakiona kwa miaka, na kwamba hili haliwezi kuulizwa leo.

"Mama. Ulisema umenisikia."

"Nilikusikia." Kaluki alimtazama sasa kwa mara ya kwanza tangu ile chai. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo Mutheu aliloshindwa kulivumilia, akashusha yake. "Nilidhani ukifika chini utafurahi. Nilidhani utacheka."

Alinyoosha mkono, akamfuta Mutheu vumbi begani, vumbi ambalo halikuwepo, au lilikuwepo.

"Kula," alisema. "Hukula kitu mle ndani. Nilikuwa nakutazama."

Pikipiki ilikuwa inapita, mwendeshaji akapunguza mwendo, akapiga honi fupi ya kuuliza. Kaluki aliinua mkono. Mutheu alidhani anamkataa. Lakini pikipiki ilisimama, na mama yake akapanda nyuma, kando, polepole kama wapandavyo wanawake wa umri wake. Kiondo akakiacha mgongoni palepale, hakukipakata, hakukizungushia mikono. Syombua alirudi mbio akapanda nyuma yake.

"Hadi barabara kuu," Kaluki alimwambia kijana.

"Kuna kitu cha kuvunjika hapo, mathe?"

"Twende tu."

Njia ilikuwa na mashimo. Pikipiki ilipoingia la kwanza, vikombe viligongana ndani ya magazeti yao mabaya, sauti ndogo na nyepesi, kisha la pili, kisha wakakata kona kwenye duka la matangi. Mutheu alisimama na mkono kwenye geti. Aliweza kuvisikia kwa muda baada ya kutoweka, au alidhani anavisikia. Kutoka ndani Macharia alimwita, mara mbili, na Cucu naye alikuwa anaita, anataka aongezewe chai.